Kasongo hadi Kabambare: Safari ya Kazi ya Kujitolea Mwisho wa Juma

Kazi ya kujitolea ya kutunza maji, misitu na udongo kusini mwa Maniema, mkoa wa mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hufanyika zaidi mwisho wa juma. Vikundi vinavyoifanya ni vijana wa parokia, skauti, wanafunzi wa vyuo, walimu, na wanawake waliozoea kuchangishana akiba. Hutoka mjini kwa nauli yao, wakabeba mchele, chumvi na mawese, wakaenda kushika jembe pamoja na wenyeji mahali ambapo chemchemi inakauka au kilima kimebaki kipara. Simulizi hii inafuata kikundi kimoja cha aina hiyo, nilichofuatana nacho katika njia ya Kasongo kwenda Kabambare mvua zilipoanza.

Safari huanzia Kasongo, mji ulio karibu na mto Lualaba. Mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa Hamed bin Muhammed el-Murjebi, ajulikanaye kama Tippu Tip, aliufanya makao yake katika miaka ya 1870, na askari wa Dola Huru ya Kongo wakauteka mwaka 1893. Enzi hiyo ya biashara ya pembe na watumwa iliacha majeraha makubwa. Iliacha pia Kiswahili, Uislamu, na kilimo cha mpunga ambacho hadi leo ndicho tegemeo la Maniema. Kasongo ni mji wa waumini wa dini mbili, Uislamu na Ukristo, na ratiba ya kikundi hufuata hali hiyo: watu huondoka Ijumaa baada ya swala, hufanya kazi Jumamosi kutwa, na Jumapili huanza tena baada ya misa. Hakuna anayetengwa na ibada yake, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo sababu mojawapo ya vikundi hivi kudumu.

Kabambare iko zaidi ya kilomita 100 mashariki ya Kasongo. Njia ni ya udongo, na wakati wa mvua pikipiki ndiyo chombo cha kutegemewa. Baiskeli zilizosheheni mchele na mafuta husukumwa kwa miguu. Kwa mtu anayetazama kando ya njia, nchi hii inajieleza yenyewe. Hapa ndipo msitu mkubwa wa Kongo unapokwisha na nyika ya kusini kuanza. Vilimani ni majani marefu. Mabondeni, kando ya vijito, umebaki ukanda wa miti mirefu iliyofungamana. Ukanda huo ni mwembamba, pengine mtu anaupita kwa dakika chache, lakini ndio unaotia kivuli maji, kushika kingo za mito na kuwapa watu kuni, dawa, uyoga na viwavi.

Ukanda huo unapungua kwa sababu inayoeleweka. Mpunga wa nchi kavu hupenda ardhi mpya. Mkulima hukata kipande cha msitu, hukichoma, huvuna mpunga, kisha hupanda mihogo au karanga, halafu hukiacha kipumzike. Zamani shamba lilipumzika miaka mingi hadi miti ikarudi. Sasa watu wameongezeka, wengine wamekimbia vita na kuja kukaa karibu na barabara, na shamba huamshwa kabla halijashiba usingizi. Pamoja na hayo kuna makaa yanayotakiwa mjini, na moto wa kiangazi, kati ya Juni na Agosti, unaowashwa na wawindaji kufukuza ndezi na kuachwa uende utakako. Mkulima asilaumiwe peke yake. Hana mbolea, na mtoto wake anahitaji karo mwezi wa Septemba.

Kikundi kinapofika kijijini humwona kwanza kapita, yaani mkuu wa kijiji. Heshima hiyo inadai muda: wageni huketi, huulizwa habari za mjini, hutaja wametoka kwa nani na wanataka nini. Swali ambalo wazee hawaachi kuliuliza ni kama kazi hii ni ya lazima. Lina historia ndefu. Mwaka 1917 serikali ya kikoloni ya Ubelgiji iliweka kilimo cha lazima, na mwanamume aliweza kuamriwa kulima zao fulani hadi siku 60 kwa mwaka. Mwaka 1942, wakati wa vita, siku hizo zikafanywa 120. Maniema ilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza kuonja pamba ya amri. Baada ya uhuru, katika miaka ya 1970, utawala wa Mobutu ulieneza salongo, kazi ya pamoja ya usafi, barabara na mashamba. Ilikuwa na faida zake, na katika miji mingi salongo ya Jumamosi asubuhi ingali hai, lakini aliyekosa kufika aliweza kutozwa faini. Kwa hiyo mzee anapouliza, “Baba, nisipokuja mtaniandika?” anataka jibu la wazi. Jibu hutolewa mbele ya kijiji kizima: hakuna orodha ya wasiokuja.

Kazi kubwa ya Jumamosi ni chemchemi. Chemchemi isiyotunzwa ni dimbwi: akina mama huingia na ndoo, mbuzi hunywa humo humo, na mvua ikinyesha uchafu wa mlimani huteremkia ndani, nao huleta kuhara na, miaka mingine, kipindupindu. Kuitunza hakuhitaji mashine, kunahitaji utaratibu. Kwanza matope huondolewa na udongo huchimbwa kurudi nyuma hadi lionekane jicho la maji, mahali hasa yanapotokea kwenye ardhi ngumu. Mbele yake hujengwa ukuta mfupi wa mawe na saruji wenye bomba. Bomba lazima liwe chini kidogo kuliko jicho. Likiwekwa juu, maji yatasukumwa nyuma na kutafuta tundu jingine, na kijiji kitabaki na ukuta mzuri usiotoa tone. Nyuma ya ukuta hupangwa mawe makubwa, kisha kokoto zilizooshwa, na juu yake hutandazwa udongo wa mfinyanzi.

Udongo huo ndio ulionionyesha tofauti kati ya wageni na wenyeji. Vijana wa mjini huumwaga kwa beleshi na kuupiga piga kwa juu. Mama mmoja mfinyanzi alivua kandambili akaingia, akaukanyaga kwa visigino, akaunyunyizia maji kidogo, akaukanyaga tena, mpaka alama ya kidole ilipobaki bila kupasuka. Kisha akamimina kikombe cha maji juu yake na kungoja. Maji hayakuzama. Akasema, “Sasa leteni mwingine,” na kuanzia hapo yeye ndiye aliyeongoza kazi.

Mwishoni huchimbwa mfereji wa umbo la mwezi mwandamo upande wa juu wa chemchemi ili kuyaelekeza kando maji ya mvua, huwekwa uzio wa mbuzi, na hukubaliwa kwamba choo kisichimbwe ndani ya mita 30 kutoka hapo. Mikalitusi hairuhusiwi karibu, kwa kuwa hunywa maji mengi. Miti ya asili iliyopo huachwa, hata kama imepinda.

Jumapili ni ya miche. Miche hiyo imekuwa kitaluni kwa miezi kadhaa, chini ya kivuli cha makuti ya mchikichi, ikimwagiliwa na watu wa kijiji. Bila kitalu cha mapema hakuna upandaji. Huchaguliwa miti ya aina mbili: inayokua haraka na kurutubisha udongo, kama akasia, ambayo itatoa kuni na makaa badala ya msitu wa bondeni, na miti ya matunda, maparachichi, michungwa na miembe. Shimo huchimbwa sentimita 40 kila upande, udongo mweusi wa juu ukiwekwa peke yake ili urudi kwanza kwenye mizizi. Miche ikipishana mita 3 kwa 3, hekta moja huingia miche ipatayo 1,100, na hiyo ni kazi nzito kwa alasiri moja. Ni heri kupanda michache itakayopaliliwa. Mkanda wa kuukinga moto hulimwa mvua zinapoelekea ukingoni, mwezi wa Mei, kabla majani hayajakauka. Hapo ndipo vikundi vingi hushindwa, maana msisimko wa kupanda umekwisha na kulima mkanda mtupu hakuna wa kukupigia makofi.

Mwenye nafasi huendelea Jumatatu hadi Kabambare. David Livingstone alifika huko Septemba 1869 na kukaa miezi mingi akiuguza vidonda vya miguu, akiandika juu ya misitu minene na mito ya Manyema, yaani Maniema. Mto Luama ungali unakatiza wilaya hii kuelekea Lualaba. Upande wa Salamabila, kwenye machimbo ya dhahabu ya Namoya, kazi ya kutunza mazingira ina sura nyingine. Mchimbaji mdogo hugeuza kitanda cha kijito, husafisha mchanga, na maji hushuka mekundu kwa walio chini. Tena usalama haujatengemaa. Makundi yenye silaha yamefanya baadhi ya njia zisipitike. Kikundi cha kujitolea hakiwezi kwenda kila mahali, na haki ya watu wa huko kuishi kwa amani inatangulia mche wowote.

Suala la mwisho ni la nani mwenye mti. Kwa sheria ya mwaka 1973 ardhi yote ya nchi ni ya serikali, ingawa kijijini kila mtu anajua kilima fulani ni cha ukoo gani. Sheria ya misitu ya mwaka 2002, pamoja na amri ya tarehe 2 Agosti 2014, ilifungua mlango: jamii ya wenyeji inaweza kupewa msitu wake wa jadi, usiozidi hekta 50,000, bila malipo na bila kikomo cha miaka. Masharti ya kuusimamia yakafuata Februari 2016. Njia hiyo inadai ramani, mikutano, saini za majirani na uvumilivu mwingi ofisini, na vijiji vingi havijaianza. Hata hivyo, wakati wa kupanda, kapita hutembea na wazee kwenye mpaka, na kila safu ya miche hutajiwa nyumba itakayoipalilia. Palizi ya kwanza hufanywa wiki chache baadaye, majani yakishaifikia miche magotini. Ya pili kabla ya kiangazi. Kikundi hurudi kwa palizi ya pili, huhesabu iliyopona nyumba kwa nyumba, na iliyokufa hupangiwa miche mingine mvua za Septemba zinaporudi.