Nani Atakwenda Lubumbashi

Nyumbani kwetu Kamina, habari ya Lubumbashi ilikuwa inaanzia kituo cha treni. Kabla hujauliza mtoto atasoma nini, uliuliza treni inapita lini, na ni nani wa reli tunayefahamiana naye. Mji wenyewe ulizaliwa na reli. Njia ya kutoka Katanga hadi Ilebo, ambayo wakati huo iliitwa Port-Francqui, ilikamilika mwaka 1928. Tawi la kwenda Kabalo likafunguliwa 1956, na Kamina ikawa njia panda. Mwaka huohuo wa 1956 chuo kikuu kilianza kufundisha kule kusini, Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Wazee walipenda kuyataja hayo mawili kwa pumzi moja, kana kwamba Wabelgiji walilaza vyuma ili sisi tupeleke watoto shule. Walivilaza kwa ajili ya shaba. Lakini watoto walipanda.

Mjomba wangu alipanda miaka ya sabini, na kwake hapakuwa na cha kupima. Mwaka 1971 serikali ya Mobutu iliunganisha vyuo vikuu vyote kuwa kimoja, UNAZA, ikagawa masomo kwa miji. Fasihi na udaktari wa mifugo viliangukia Lubumbashi. Aliyetaka fasihi alikwenda huko hata kama alizaliwa hatua chache kutoka chuo cha Kinshasa. Mjomba alipata bursa, kitanda katika home ya wanafunzi, na chakula cha restorani ya chuo. Mwandishi Mudimbe alikuwa akifundisha huko miaka ile, na mjomba alijua kulichomeka jina hilo katika kila mazungumzo, hata matangani.

Yaya, kaka yangu mkubwa, alikwenda mwishoni mwa miaka ya themanini, na hapo ndipo nilipoona kwa macho yangu jinsi nyumba inavyompeleka mtu. Bursa ilikuwa imekwisha nguvu, kwa hiyo chakula kilitoka kwetu. Mama alijaza mahindi mfuko mzima, juu akalaza samaki wakavu wa Lualaba waliofungwa kwa magazeti, kisha akaushona mdomo kwa sindano kubwa na uzi wa katani, mishono ya karibukaribu ili mkono wa mtu usipite. Baba aliandika jina la yaya kwa kipande cha makaa pande zote mbili, akautazama mfuko, akaona jina litafutika, akaenda kuazima rangi ya mafuta kwa jirani. Mfuko na barua vilikabidhiwa kwa mtu wa treni. Jibu lilikuja baada ya majuma kadhaa: mfuko umefika, samaki wamepungua. Mama akaamua mishono haikubana vya kutosha.

Halafu ukaja usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei 1990. Wanafunzi walivamiwa chuoni na kuuawa. Ni wangapi, hadi leo watu wanabishana. Ubelgiji ilisimamisha ushirikiano wake na Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, kwa sababu ya usiku huo. Kwetu habari ilifika vipandevipande, kwa redio na kwa midomo ya wasafiri, na Mama akawa anashinda kituoni akitazama kila anayeshuka. Yaya alishuka siku moja akiwa na kifuko kidogo cha begani tu. Hakutaka kusimulia, na Baba akakataza asiulizwe. Hakurudi tena chuoni. Leo anauza vipuri vya baiskeli sokoni, na ukimkuta kwenye duka lake ana kitabu mkononi.

Kabla hofu hiyo haijapoa, treni zikaanza kutuletea jambo jingine. Mwaka 1992 na 1993 watu wa asili ya Kasai walifukuzwa Likasi, Kolwezi na kwingineko Katanga, wengi wao wakiwa wazaliwa wa hukohuko. Walipita kwetu wakielekea Mwene-Ditu na Kananga. Niliona cherehani, magodoro, vitanda vya chuma vilivyofunguliwa na kufungwa kwa kamba, na akina mama wakipika bukari, ugali wetu, kandokando ya reli wakingoja kichwa cha treni ambacho hakuna aliyejua kitakuja lini. Wengine hawakufika. Mwalimu wetu wa hesabu aliondoka na mkumbo huo. Alisahihisha madaftari yetu, akayarudisha, kesho yake akawa hayupo. Tuliokuwa na umri wa kuota chuo kikuu tuliuona kwanza upande huo wa kusini: mji unaoweza kukutapika hata kama umezaliwa ndani yake.

Ajabu ni kwamba zamu yangu ilipofika, 1999, mizani ilikuwa imegeuka. Vita vilikuwa vimekata nchi vipande, wanajeshi wamejaa kituo cha ndege za kijeshi cha Kamina, na Lubumbashi ndiyo ikawa mahali pa usalama. Baba, aliyeapa baada ya yaya kwamba shule si ya kufia, sasa ndiye aliyenisukuma niende. Nilifikia kwa shangazi, mtaa wa Katuba. Chuo kiko Kasapa, upande mwingine kabisa: taksibusi hadi mjini, halafu nyingine, na siku ambazo pesa ya ile ya pili haikuwepo nilikwenda kwa mguu. Barabara ya Kasapa ina chuo kikuu na ina gereza kuu, kwa hiyo shangazi hakuchoka kunikumbusha nisikosee mlango.

Nilisomea ualimu, nikarudi Kamina, na nikiwa hapa ndipo nilipoona badiliko ambalo mimi naliona kubwa kuliko yote. Chuo chenyewe kilitufuata. Lubumbashi ilifungua tawi hapa, nalo likakua hadi kuwa Chuo Kikuu cha Kamina kinachojitegemea. Wamethodisti nao wana chuo chao. Mwaka 2015 Katanga ilipogawanywa, Kamina ikawa makao makuu ya jimbo la Haut-Lomami. Mtoto wa hapa anaweza kuanza na kumaliza akila mboga za uani kwa mama yake. Zamani aliyebaki ndiye aliyeulizwa kwa nini hakwenda. Siku hizi anayeulizwa ni yule anayetaka kwenda.

Binti yangu amepata diploma yake ya taifa na anataka udaktari wa mifugo. Amejiandaa kuulizwa. Masomo hayo, anasema, yana mizizi Lubumbashi, na ni kweli. Mama yangu, ambaye sasa ni mzee na anasikia anachotaka kusikia, alimjibu kwa Kiswahili chetu cha hapa, ambamo mnyama ni nyama: “Mutoto anaenda kusoma nyama Lubumbashi, na nyama iko hapa?” Naye ana haki yake. Nyanda za Haut-Lomami zina mashamba makubwa ya ng’ombe tangu enzi za ukoloni. Binti akasema ndiyo sababu anataka kwenda: arudi awatibu. Mama akanyamaza, lakini si kwa kukubali.

Treni haikutajwa hata mara moja. Tulichozungumza ni kodi ya nyumba. Binti ana picha za vyumba kwenye simu, amezipata kwa wenzake walio huko tayari: chumba kimoja na bomba la maji uani, bei kwa dola. Komisioneri, yaani dalali wa nyumba, anataka chake, mwenye nyumba anataka garanti ya miezi kadhaa kabla ya kukupa ufunguo. Tangu makampuni ya madini yamiminike kusini miaka ya 2000, nyumba za kule zinapangwa kwa watu wenye mishahara ya migodi, na mwalimu wa Kamina anajikuta anashindana nao. Mume wangu akatoa wazo ambalo baba yangu asingelifikiria: kwa nini tusihame wote? Tupangishe nyumba ya hapa, tupange kule, mimi nitafute shule. Nilimuuliza mama atakaa na nani. Akasema naye atakuja. Mama akasikia vizuri sana safari hii, akasema yeye hahami kwenda kununua unga.

Hapo alinishinda, maana unga ndio hesabu ninayoiogopa. Lubumbashi inakula mahindi mengi ya Zambia yanayopita mpakani Kasumbalesa. Siku Zambia ikifunga mpaka, bei inaruka na bukari inakuwa ya kupimiana. Sisi tuna shamba. Ikiwa binti atakwenda peke yake, mfuko utamfuata kwa lori kupitia Bukama na Lubudi, na masika lori linaweza kulala matopeni hadi mahindi yaanze kuota. Ikiwa tutakwenda wote, shamba litalimwa na nani?

Kwa sasa tumefika hapa: binti atangulie, afikie kwa shangazi Katuba, kodi ya chumba cha Kasapa tuijadili baada ya mwaka wa kwanza. Binti hataki Katuba. Amepiga hesabu ya taksibusi na anasema nauli ya mwezi inakaribia kodi. Nimeikagua hesabu yake na sijaona kosa. Komisioneri amepiga simu tena jana anataka jibu kabla ya Jumamosi. Nimemwambia asubiri tuuze mahindi kwanza.