Viraka vya leso za mama

Usinicheke. Mimi nisiyejua hata kurudisha kifungo kilichong'oka nilijitia kushona mfarishi wa viraka kwa mkono. Marehemu mama alituachia leso 6, nasi tuko ndugu 4, kila mmoja akizitaka. Nikasema nizikate, kila nyumba ipate mfarishi wenye vipande vya leso zote.

Kukata ndiko kulikonitoa jasho, maana mkasi ukishapita umepita. Nilipima kwa kadibodi ya inchi 5 kila upande, mshono nikauachia robo inchi. Viraka vikishaungana, tandika kitambaa cha chini, pamba katikati, viraka juu, upige bandi. Kisha shona kutoka katikati kwenda ukingoni, usije ukabaki na mikunjo. Mimi nilidharau subana, kidole kikakiona cha mtema kuni.

Lakini kosa kubwa lilikuwa kutofua leso kabla ya kukata. Mfarishi ulipofuliwa mara ya kwanza, nyekundu ilichuja rangi, viraka vyeupe vikageuka waridi. Dada alipouona alinyamaza kimya. Kisha akakipapasa kiraka kimoja.

"Hii nyekundu ndiyo aliyokuwa akijifunga akipika," akasema, akaukunja, akaondoka nao.

Vipande vya mifarishi iliyobaki nimevilowesha kwenye karai tangu jana, kila rangi peke yake.