Shahada ya Kumpokea Mgeni

Maneno mtalii, mutalaa na mtaala ni ndugu wa tumbo moja. Asili yao ni Kiarabu, na maana iliyoyazaa ni kusoma kwa makini, kukikagua kitu hata kikaeleweka. Mutalaa ni kudurusu vitabu, mtaala ni utaratibu wa masomo, na mtalii, kwa haki ya jina lake, ni mtu aliyesafiri ili atusome. Nasaba hii niliipata katika mwaka wangu wa kwanza wa shahada ya usimamizi wa utalii, mwaka 2018, na kwa siku kadhaa nilitembea nayo kama mtu aliyeokota lulu ufukweni. Lakini katika miaka mitatu ya chuo neno mtalii lenyewe sikulisikia sana, na neno mgeni nililisikia haba zaidi. Neno lililotawala vitabu, mihadhara na mitihani yetu lilikuwa mteja.

Nyumbani shahada hii iliwatatiza. Babu yangu mzaa mama, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa mikarafuu kule Pemba, na bibi yangu ameishi umri wake wote akilaza wageni barazani na ukumbini, wengine wa kabila lake, wengine hata majina yao hakuyajua vyema. Alipoambiwa kuwa mjukuu wake anakwenda chuo kikuu kusomea mambo ya wageni, aliuliza kwa mshangao usio na kejeli hata chembe: "Kwani mgeni husomewa?" Sikuwa na jibu, na wala sidhani kwamba alilitaka.

Baba yeye aliyapa mashaka yake majina: pombe, mavazi, na zamu za usiku. Yeyote aliyekulia visiwani anajua kuwa kazi ya hoteli, kwa mtoto wa kike hasa, bado inasemwa kwa sauti ya chini. Mwishowe aliridhia kwa sharti kwamba nisomee usimamizi, na neno hilo alilitamka kwa mkazo, kana kwamba msimamizi hukaa ghorofa ya juu ambako harufu ya pombe haipandi.

Haidhuru. Hata baba alijua kuwa mikarafuu haitanisomesha tena. Bei ya karafuu katika soko la dunia ilianguka katika miaka ya 1980, na Serikali ya Mapinduzi ilipofungua milango ya biashara huria katikati ya muongo ule, macho yaligeukia fukwe. Kamisheni ya Utalii ikaundwa mwaka 1992, na mwaka 2000 Mji Mkongwe ukaingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia. Kufikia mwaka 2024 wageni walioingia Zanzibar kwa mwaka mmoja walizidi 700,000, ilhali wenyeji sote, kwa sensa ya mwaka 2022, hatufiki 1,900,000. Huko Maruhubi, si mbali na magofu ya kasri la Sayyid Barghash, kuna chuo cha utalii ambacho siku hizi ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Taifa. Kasri liliungua mwaka 1899 na nguzo zake zimesimama wazi, hazina dari ya kubeba. Mimi sikusoma pale, lakini nimewahi kukaa kivulini mwa nguzo zile na daftari langu la hesabu za vyumba, nikaona mahali pameafikiana na somo.

Sasa nieleze tulichofundishwa, maana wapo wanaodhani tulifundishwa kutandika vitanda. Tulitandika, naam, kwa wiki chache. Zaidi tulisoma nadharia, na miongoni mwake ipo moja ambayo wapenzi wa ushairi wangeifurahia. Mtaalamu aitwaye Doxey aliandika mwaka 1975 kuwa wenyeji wa mahali pa utalii hupita daraja nne: kwanza huwashangilia wageni, kisha huwazoea na kuacha kuwajali, kisha huudhika nao, na mwisho huwachukia waziwazi. Mhadhiri alipoichora ngazi hii ubaoni, darasa zima la watoto wa pwani likaangua kicheko, naye hakujua tunacheka nini. Ni nani kati yetu ambaye hakulelewa na lile shairi la mgeni, linalohesabu siku zake toka ya kwanza hadi ya kumi, likianza na mlo wa heshima na kuishia na kumtoa mlangoni kwa nguvu? Doxey ana daraja nne, wahenga wana siku kumi. Tena wahenga wametaja na chakula, jambo ambalo Doxey hakulifikiria.

Kicheko kilipokoma niliona tofauti ambayo bado inanishughulisha. Mgeni wa shairi ni mmoja, ana uso, na siku ya nne anaweza kupewa jembe akawa mwenzetu shambani. Mtalii haifiki hiyo siku ya jembe. Akaapo hotelini siku saba huondoka, na pale pale kitandani hulala mwingine, naye kwake ni siku ya kwanza. Kwa hivyo mwenyeji aliyeajiriwa hana ruhusa ya kufika siku ya pili. Kila asubuhi, mwaka baada ya mwaka, kwake yeye ni siku ya kwanza ya mgeni, na uso wake sharti uwe uso wa siku hiyo. Sioni kama Doxey aliliona hili, maana yeye aliwatazama watu wa mtaani, si wale waliovaa sare.

Aliyeliona ni mwanamke wa Kimarekani, Arlie Hochschild, katika kitabu alichokitoa mwaka 1983 juu ya wahudumu wa ndege. Yeye anasema kuwa kuna kazi ambazo mtu huuza hisia zake pamoja na jasho lake, na kwamba tabasamu nalo huingia katika hesabu za kampuni. Nilikisoma kitabu hicho usiku mmoja, na asubuhi yake nikaenda mafunzo ya vitendo katika hoteli moja ya kaskazini, ambako tulielekezwa kuwa mgeni akitokea kwa mbali tuseme "jambo" na akishukuru tuseme "hakuna matata". Watu wa Unguja hatuamkiani hivyo. Sisi ni shikamoo na marahaba, hujambo na sijambo, na habari za tangu jana. Na jambo likiwa si zito tunasema hapana neno, au hamna tabu. Nilimuuliza kiongozi wa mapokezi kwa nini tusiwafunze wageni salamu zetu wenyewe. Akanijibu kwa upole kuwa mgeni amekuja na Kiswahili chake alichokisikia katika nyimbo na filamu, na kwamba si adabu kumsahihisha mtu aliyelipa.

Usiku ule niliandika ubeti pambizoni mwa daftari:

Mgeni tukikwambia, karibu nyumbani kwetu,
Si nyumba twakuuzia, wala si heshima yetu,
Kitanda utalipia, pia na chakula chetu,
Salamu twakupatia, hiyo haiuzwi katu.

Mizani inakwenda, na vina vimekaa. Mshororo wa mwisho, hata hivyo, ni dai kuliko habari. Nilikuwa nimevaa sare nilipoutunga, na katika mkataba wa mafunzo salamu ilikuwemo.

Mafunzo ya mwaka wa pili niliyafanya mjini, kwa wakala mmoja wa kutembeza wageni, na huko ndiko nilikoonja uzito wa masomo haya. Kutembeza wageni Mji Mkongwe ni sanaa ya masimulizi, na msimuliaji hupimwa kwa bahashishi. Yapo mambo madogo yasiyo na madhara. Milango yetu ya kunakshiwa ina miiba ya shaba, na kila kiongozi husimulia kuwa huko Bara Hindi miiba hiyo ilizuia tembo wasisukume milango. Mgeni hucheka aambiwapo kuwa Unguja haikuwa na tembo. Freddie Mercury alizaliwa hapa mwaka 1946, na nyumba zaidi ya moja zinadai kuwa ndizo alimokulia. Hayo na yapite.

Lakini Mkunazini ni habari nyingine. Soko la watumwa lilifungwa kwa mkataba wa mwaka 1873, na mahali pale wamisionari wa Kianglikana wakajenga kanisa. Hapo jirani kuna vyumba vya chini ya ardhi, vyenye dari fupi na vijidirisha vyembamba, ambavyo wageni huonyeshwa kuwa ndimo watumwa walimofungiwa wakisubiri kuuzwa. Wapo wanahistoria wanaosema kuwa jengo lililo juu ya vyumba hivyo lilijengwa na wamisionari wenyewe, kwa matumizi ya hospitali, baada ya soko kufungwa. Niliwasoma, na hoja yao nikaiona ina nguvu. Nilipopewa kundi langu la kwanza niliwaeleza wageni yote mawili: kuwa biashara ile ilikuwepo, kwamba ardhi wanayoikanyaga ndiyo ya soko lenyewe, na kwamba juu ya vyumba hivi wasomi hawajakubaliana na masimulizi ya mtaani. Kisha nikawatoa nje, nikawasimamisha mbele ya sanamu za minyororo alizozichonga Clara Sörnäs mwaka 1998, nikanyamaza.

Mwanamke mmoja mtu mzima katika kundi lile, Mmarekani mweusi, alinishika mkono. Alisema amesafiri siku mbili aje aguse ukuta mmoja tu, na sasa namwambia kuwa huenda ukuta wenyewe si ule. Hakunikasirikia. Aliniuliza agusie wapi basi. Nikamwonyesha chini. Aliinama, akaweka kiganja chake juu ya udongo wa uani, akakaa hivyo kwa muda mrefu kiasi kwamba kundi jingine likatupita.

Mwenye wakala alipopata habari aliniita. Alisema mimi ni binti msomi, tena hodari, lakini mgeni asivunjwe moyo; wengine wasimulie historia, sisi tusimulie safari. Niliendelea kusimulia yote mawili hadi wiki zangu zilipokwisha, na katika fomu ya tathmini akaniandikia kuwa ninahitaji kuboresha "mawasiliano na wateja". Ninayo fomu ile. Hadi leo nashikilia kwamba kama mtalii ni msomaji, kumpa ukurasa uliofutwa ni kumdharau.

Kisha ukaja mwaka 2020. Mwezi Machi ndege zilikoma, hoteli zikafunga milango, na wenzangu waliokuwa wameahidiwa ajira wakarudi kwao. Pale Forodhani unaweza kusema bahari ilikuwa imerudishiwa wenyewe, ingawa wenyewe hawakuwa na pesa ya mkate wa kumimina. Wale vijana tuwaitao papasi, kwa jina la mdudu anayeng'ang'ania ngozi, walikaa juu ya ukuta wakitazama maji, na nilistaajabu kuona mji ukiwaonea huruma. Tarehe 25 Desemba mwaka huo sehemu ya Beit al-Ajaib ikaporomoka, ikaua watu wawili. Jumba lile lililojengwa mwaka 1883 lilikuwa katika kila kitabu cha kiada tulichopewa kuhusu urithi, na katika kila mtihani.

Utafiti wangu wa mwisho niliufanya mapema mwaka 2021 huko Jambiani, miongoni mwa wanawake wa mwani. Kilimo hiki kilianza Unguja mwishoni mwa miaka ya 1980, na kikawapa wanawake wa pwani ya mashariki pesa yao wenyewe kabla hoteli hazijaenea. Kazi yenyewe ni ngumu: hufuata bamvua, maji yakitoka mbali, mtu hukaa ameinama juani kwa saa nyingi akifunga vipande vya mwani katika kamba zilizotandazwa kati ya vigingi. Bahari imezidi joto, na ile aina yenye bei nzuri inaoza. Inayostahimili bei yake ni duni. Juu ya hayo, ufukwe uleule unatakiwa na wenye vitanda vya jua na wenye kupeperusha tiara za kuteleza juu ya maji. Nilikwenda na dodoso la kurasa nne, maswali thelathini, na kila jibu lilikuwa nambari, toka moja hadi tano.

Mama mmoja alinikubalia nimhoji huku akifunga mwani. Nilimwamkia, akaitika, kisha akataka kujua mimi mtoto wa nani, babu yangu wa upande gani, na kama mikarafuu ya Pemba imechanua mwaka ule. Alipotosheka aliniruhusu nianze. Swali la kwanza liliuliza ni kwa kiwango gani ameridhika na maendeleo ya utalii katika shehia yake.

Aliinyoosha kamba, akatazama kule zilikokuwa hoteli. Alisema mwanawe wa kiume ni mpishi mle, na ndiye aliyemjengea banda jipya. Alisema njia yao ya kushukia baharini imezibwa kwa ukuta, na sasa wanazunguka mbali wakiwa na mizigo vichwani. Alisema wageni humpiga picha akiwa ameinama, wala hawamwamkii, ila kijana mmoja wa Kirusi, ambaye siku moja aliingia majini akambebea gunia hadi nchi kavu, kisha akarudi kesho yake kuuliza hali.

Nikamwambia, "Sasa mama, katika hizi nambari, nikuandikie ipi?"

"Zinakwenda mpaka ngapi?"

"Tano."

Akafikiri. "Niandikie tatu, mwanangu. Tatu haimuudhi mtu."

Nikaandika tatu. Maneno yake mengine niliyaandika nyuma ya karatasi, kwa penseli, maana dodoso halikuwa na nafasi yake. Msimamizi wangu alipoyaona aliniambia niyaweke katika kiambatisho.