Honi Saba Fupi na Moja Ndefu

Chumba cha taka kwenye meli ya kitalii kiko chini kabisa, jirani na mitambo, na abiria hafiki huko. Mtu wa Chwele kama mimi, niliyekulia kwenye baridi ya Mlima Elgon, hutokwa jasho kabla sijagusa kitu. Kila mfuko unaoshuka kutoka jikoni na baa tunaupasua juu ya meza ya chuma na kuuchambua kwa mkono: vijiko, vifuniko vya chupa, vijiti vya kukorogea vinywaji, siku nyingine hata meno bandia. Mabaki ya chakula husagwa mpaka yapite kwenye tundu la milimita 25. Katika Bahari ya Mediterania hayamwagwi mpaka meli iwe zaidi ya maili 12 za baharini kutoka nchi kavu. Plastiki haimwagwi popote, na marufuku hiyo ilianza mwisho wa 1988. Kijiko kimoja kikipenya kwenye mashine, afisa wa mazingira atauliza nani alikuwa zamu.

Nilipohamia kampuni nyingine nilidhani nitajifunza upya. Wapi! Taka zinachambuliwa vile vile, na hatari ikitokea ni honi zile zile, saba fupi na moja ndefu, kila mtu akimbilie kituo chake.

Zoezi la kujiokoa nalo lina historia yake. Costa Concordia ilipogonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, Italia, tarehe 13 Januari 2012, abiria waliopanda jioni hiyo Civitavecchia walikuwa bado hawajafanya zoezi. Sheria ya wakati huo iliruhusu lifanywe ndani ya saa 24. Watu 32 walikufa. Februari mwaka huo huo kampuni za meli za kitalii zilizo katika chama chao, CLIA, zilikubaliana kwamba meli haing'oi nanga kabla ya zoezi. Sheria ya kimataifa ilizifuata Januari 2015. Siwapambi matajiri hawa, maana walingoja maafa. Lakini walipoamua, hawakungoja serikali, ingawa wananyang'anyana wateja mchana na usiku.

Nikiwa likizo hupanda matatu kutoka Kitale kwenda Bungoma. Mikanda tumeamriwa kufunga tangu kanuni za Waziri Michuki za 2004. Safari moja makanga alituambia, "Fungeni, mbele kuna polisi." Tulipopita kizuizi, gari zima likafungua.

Wenyeviti wa sacco za matatu za barabara hii, kaeni meza moja kama kampuni zile za meli. Gari lisitoke steji mpaka kila abiria awe amefunga mkanda, na sharti liwe moja kwa sacco zote, ili dereva anayengoja dakika mbili asinyang'anywe abiria na yule asiyengoja.