Nilinunua Ratili, Nikalipia Kilo

Nilinunua ratili, nikalipia kilo. Kosa ni langu, na aliyeumia zaidi si mimi.

Kazi yangu ni kununua mahindi na maharage hapa Nyantakara, wilayani Biharamulo. Hakuna gunia ninalolilipia kabla halijapanda mizani. Mizani yenyewe hukaguliwa kila mwaka na Wakala wa Vipimo na kubandikwa stika, na mkulima akitaka kuisoma kwa macho yake nampisha asome. Lumbesa siichukui. Nayasema haya ili ujue kwamba aliyekosea si mtu asiyejua kupima.

Vijana wa hapa, mpwa wangu akiwamo, walikuwa wakipiga tizi nyuma ya ghala langu kwa vyuma vya kujitengenezea: kopo la rangi la lita nne limejazwa zege upande huu, la pili upande ule, katikati bomba la maji. Nikajiunga nao, maana magunia yalikuwa yameanza kunisumbua mgongo na nilitaka kuuimarisha. Lakini yale makopo niliyaonea aibu. Nikawaahidi vyuma vya kweli, na siku nilipovileta nikawaambia makopo wayatupe mtaroni.

Vyuma vilitoka Mwanza, kwa muuza mitumba wa vifaa vya mazoezi vilivyotoka Marekani. Sahani mbili ziliandikwa 45, mbili 25, mbili 10. Bei ilikuwa shilingi 4,000 kwa kilo, na kwa chuma nikaona ni nafuu. Muuzaji akajumlisha namba zilizoinuka juu ya sahani, nami nikajumlisha, wote tukapata 160. Nikatoa 640,000. Pembeni mwa kila namba palikuwa na herufi mbili, LB. Niliziona. Nikadhani ni alama ya kiwanda. Sikuuliza. Sikupima. Muuzaji simlaumu, huenda naye alisoma kama nilivyosoma mimi.

Njiani kulikuwa na dalili, nikaipita. Niliposhusha mizigo kwenye basi nilibeba sahani moja ya 45 kwa mkono mmoja hadi kwenye bodaboda. Mfuko wa saruji wa kilo 50 siwezi kuubeba hivyo, na tofauti ya 45 na 50 si kubwa. Nikafurahi, nikadhani yale mazoezi ya zege yameshanipa nguvu. Baadaye nilikuja kujua kwamba hata sahani kubwa kabisa ya kawaida kwenye mashindano ya kunyanyua vyuma ni ya kilo 25. Mtu anayeuza sahani ya kilo 45 alistahili kuulizwa maswali.

Kosa dogo lilikuwa la tundu. Sahani hizo zina tundu la milimita 50, na bomba letu la inchi moja likawa linacheza ndani yake. Fundi wa kuchomelea aliongeza vipande vya bomba la inchi moja na nusu kwenye ncha zote mbili, vikakaa sawa. Hilo lilinigharimu fedha kidogo tu.

Kubwa ni kwamba namba zile zilituingia vichwani. Mpwa wangu alipolala kwenye benchi na kusukuma sahani mbili kubwa, tulisema amesukuma tisini. Mimi ndiye niliyemwambia hivyo, na niliyemsifia. Alipokwenda Kahama kutafuta kazi akaingia kwenye jimu, akaulizwa kwa kawaida anasukuma ngapi, akajibu tisini. Wakampakia kilo 90. Chuma kikamshukia kifuani, wenzake wakakidaka kwa kuchelewa.

Alinipigia simu siku hiyo hiyo. Hakulalamika. Alisema tu, "Mjomba, vyuma vya huku ni vizito kuliko vya kwetu."

Nilikaa na maneno hayo kitambo. Kilo ya Kahama haiwezi kuzidi kilo ya Nyantakara, na mimi ndiye ninayepaswa kulijua hilo kuliko mtu yeyote kijijini. Nikaivuta mizani hadi nyuma ya ghala na kupandisha sahani ya 45. Ikasoma 20.4. Nikaishusha, nikaipandisha tena. 20.4. Wazo langu la kwanza lilikuwa kwamba mizani imeharibika, na ningependa iwe hivyo. Nikachukua gunia la maharage nililolipima asubuhi na kulifunga kwa kilo 100, nikalipandisha. Likasoma 100. Hapo sikuwa na pa kukimbilia. Mzee jirani, aliyeuza pamba enzi za ratili, alizitazama zile herufi nilizomwonyesha, akasema, "Hizi ni ratili, mwanangu. Kilo moja ni ratili mbili na kidogo."

Sahani zote sita pamoja zilifika kilo 72 na nusu. Kwa bei tuliyokubaliana nilipaswa kulipa kama 290,000. Kwa hiyo nilizidisha karibu shilingi 350,000, na kila kilo ilinigharimu takriban 8,800. Ile tisini ya mpwa wangu, pamoja na bomba, ilikuwa kilo 47 hivi. Kule Kahama msuli wake wa kifua ulikuwa umechanika. Kazi ya kupakia mizigo aliyokuwa ameahidiwa ilichukuliwa na mtu mwingine, na msimu wote ule hakuweza kubeba kitu. Gharama za matibabu nilibeba mimi, na nikamwomba radhi mbele ya mama yake, dada yangu. Alinisamehe. Ile kazi haikurudi.

Makopo ya zege niliyafuata mtaroni na kuyapima. Kila moja lilikuwa na kilo tisa na nusu, kama inavyotarajiwa, kwa kuwa lita moja ya zege ina uzito wa kilo 2.4 hivi. Vijana walijua walichokuwa wakinyanyua hadi nilipowaletea vyuma vyangu. Sasa makopo na sahani tunavitumia pamoja. Kila sahani nimeipaka rangi juu ya namba ya zamani na kuandika kilo zake: 20.4, 11.3, 4.5.

Nawe ukienda kununua vyuma vya mtumba, fanya nisichofanya. Soma herufi zilizo pembeni ya namba. Ukikuta LB au LBS, gawa kwa 2.2 upate kilo. Pima tundu na bomba lako kabla hujatoa hela. Kisha omba kila sahani ipande mizani mbele yako, na ulipe inachosoma mizani. Muuzaji akikataa kupima, mwachie vyuma vyake.