Mlima Usiopandwa

Huenda, msomaji, umekwisha soma habari nyingi za milima na sifa za mashujaa waliofika vileleni. Mimi nakuletea habari za mlima ambao kilele chake hakijakanyagwa na mwanadamu. Jina lake Kawagebo, nao u katika nchi ya Watibeti, mpakani mwa jimbo la Yunnan huko Uchina. Kimo chake ni mita 6,740, yaani waupita Kilimanjaro kwa mita 845.

Nilikuwa Kunming kwa mafunzo ya walimu. Likizo ilipofika nikapanda basi hata Deqin, mji mdogo uliong'ang'ania ubavu wa bonde. Bibi mmoja mzee alinikaribisha kwa bakuli la chai ya siagi na chumvi, pamoja na unga wa shayiri wa kukandia humo. (Ihesabu chai hiyo kuwa mchuzi, utaipenda.)

Kulipopambazuka tuliuona mlima mzima, mweupe, kisha mwekundu kama kaa la moto. Vibendera vya sala vilipepea, na wazee wakachoma matawi ya mreteni. Wengine huuzunguka kwa miguu siku nyingi, mlima ukiwa daima mkono wao wa kuume, kwa maana kwao yeye ni bwana mlinzi, si mawe na theluji.

Januari 1991 Wajapani na Wachina 17 walijaribu kuupanda. Usiku mmoja theluji iliporomoka ikawafunika wote kambini. Mwaka 1998 mto wa barafu wa Mingyong ukaanza kuitoa miili yao, nao ndio mto unaowapa maji wanakijiji wa chini. Wafikirie watu hao! Mwaka 2001 kuupanda kukapigwa marufuku. Wako wasemao kwamba huo ni ushirikina. Mimi nasema kuwa mwenye nyumba ana haki ya kufunga mlango wake.

Bibi yule aliniuliza, kwa kinywa cha mjukuu wake, kama kwetu uko mlima wa namna hiyo. Nikamweleza Kirinyaga, na wazee wetu walioomba Mungu wakiuelekea.

“Nao hupandwa, mwanangu?”

“Hupandwa, bibi. Mwingereza Halford Mackinder alifika kilele cha Batian mwaka 1899.”

Akauliza ni nani aliyempa ruhusa. Mjukuu alilitafsiri swali hilo mara mbili, akidhani sikulisikia.