Siku Moja Katika Njia ya Namugongo

Wahenga walisema, "Msafiri kafiri," maana aliye safarini hana budi kuyavumilia mambo ambayo nyumbani kwake asingeyakubali. Lakini iko safari moja katika Afrika ya Mashariki ambayo humrudisha mtu nyumbani akiwa muumini zaidi kuliko alivyoondoka, nayo ni safari ya kwenda Namugongo, karibu na mji wa Kampala, kwa miguu. Kila mwaka, siku nyingi kabla ya tarehe 3 Juni, barabara za Uganda huonekana zimejaa watu wenye fimbo, rozari na mabunda madogo mgongoni. Wengine hutoka Tanzania na Rwanda, na wengi hutoka Kenya wakivukia mpaka wa Busia. Kutoka Busia hata Kampala ni karibu kilomita 200.

Sababu ya safari hiyo yajulikana sana. Kati ya mwaka 1885 na mwaka 1887, katika enzi ya Kabaka Mwanga wa Buganda, Wakristo wengi waliuawa kwa ajili ya dini yao. Wanaokumbukwa kwa majina ni 45, yaani Wakatoliki 22 na Waanglikana 23. Wengi wao walikuwa vijana watumishi wa jumba la Kabaka, na kundi kubwa, pamoja na mkubwa wao Charles Lwanga, walichomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Mwaka 1964 Papa Paulo wa Sita aliwatangaza wale Wakatoliki 22 kuwa watakatifu.

Msafara unaosimuliwa hapa ulikuwa wa watu 32 kutoka upande wa Mumias. Usiku wa siku ya sita walilala Jinja, katika darasa la shule, juu ya mikeka. Saa kumi na moja alfajiri kiongozi wao, katekista mmoja aliyezoea njia hiyo, alifungua daftari lake na kuita majina kwa mwanga wa tochi. Desturi yake ilikuwa kuwahesabu watu kila walipoondoka na kila walipopumzika, akitia alama mbele ya kila jina. Siku hiyo walikuwa na kilomita kama 34 za kwenda mpaka Lugazi, na sharti lilikuwa moja: watu wote wafike kabla ya giza, kwa maana barabara ile ina malori mengi, na dereva wa usiku hamwoni mtu wa miguu.

Walipita katika mji wa Jinja wakati maduka yalipokuwa bado yamefungwa. Ni mji wa barabara pana zilizonyooka, na majumba ya kale yenye baraza, ambayo Wahindi waliyajenga miaka mingi kabla ya Uhuru. Wenye majumba hayo walifukuzwa nchini mwaka 1972, na baadhi yao walirudi baadaye. Wafagiaji wa barabara waliinua vichwa, wakasema, "Mwebale nnyo," yaani asanteni sana, kana kwamba wale wapitaji walikuwa wanawafanyia wao kazi.

Jua lilipochomoza walikuwa wanavuka mto Nile. Hapo zamani palikuwa na maporomoko mawili, ya Ripon na ya Owen, lakini yote mawili yalifunikwa na maji baada ya kujengwa bwawa la umeme, ambalo Malkia Elizabeth wa Pili alilifungua mwaka 1954. Reli ilivushwa hapo ilipokwenda Kampala mwaka 1931, na mwaka 2018 likafunguliwa daraja jipya linaloning'inia kwa nyaya, lenye urefu wa mita 525. Vijana walisimama kulitazama daraja, lakini wazee waliyatazama maji. Katekista aliwaambia kwamba maji yale yana zaidi ya kilomita 6,000 za kwenda kabla ya kuiona bahari huko Misri. Mama mmoja mzee akajibu, "Basi tusijisifu. Hata mto una safari kutupita sisi."

Mama huyo ndiye aliyekuwa mkubwa kwa umri katika msafara, na wote walimwita Kukhu, yaani bibi. Alikuwa ameweka nadhiri. Mjukuu wake alilazwa hospitali muda mrefu, na Kukhu aliahidi kwamba mtoto akipona, yeye atakwenda Namugongo kwa miguu yake, bila kupanda gari hata hatua moja. Mtoto alipona. Lakini siku ya nne, karibu na Iganga, malengelenge yalipasuka katika nyayo zote mbili, na tangu hapo Kukhu alitembea akiegemea fimbo ya mti wa mpera.

Kupita Njeru na soko la Mbiko msafara ulikwenda vizuri. Pande zote mbili palikuwa na migomba, kahawa na nyumba za matofali mekundu, na watoto walikimbia kandokando ya barabara wakiimba. Mzee mmoja aliwasimulia vijana habari za Askofu James Hannington, ambaye mwaka 1885 alitoka pwani kwa miguu, akafika Mumias, akawaacha hapo wengi wa watu wake, akaendelea na wachache hata Busoga. Huko aliuawa tarehe 29 Oktoba mwaka huo huo, na mifupa yake ikazikwa Namirembe, Kampala, mwaka 1892. "Kwa hiyo," akasema yule mzee, "watu wa kwetu si wageni katika njia hii."

Adhuhuri waliingia katika msitu wa Mabira. Msitu huo una ukubwa wa kilomita za mraba kama 300, na miti yake ni mirefu hata barabara inakuwa kama ukumbi wenye dari. Mwaka 2007 palikuwa na mpango wa kukata robo yake ili kupanda miwa, watu wakaandamana mjini Kampala, wengine wakapoteza maisha, na mpango ule ukasimamishwa. Mtu anayepita humo kwa motokaa huona ukuta wa kijani tu. Anayepita kwa miguu husikia nyani, huona vipepeo juu ya matope, na hunusa majani yanayooza. Lakini msitu huo huo ndio uliowachelewesha, kwa sababu mvua kubwa ilinyesha, kando ya barabara pakawa utelezi, na kila lori lilipopita liliwamwagia maji machafu. Kukhu aliteleza mara mbili. Msafara uliokwenda pamoja tangu asubuhi ukawa umekatika vipande viwili.

Walipofika Najjembe ilikuwa saa kumi kasoro robo. Hapo ni soko mashuhuri, ambapo vijana hukimbilia mabasi wakiwa na kuku wa kuchoma na ndizi za gonja katika vijiti. Waliotangulia walikuwa wamekwisha kula na kupumzika. Katekista alifungua daftari, akahesabu, akaona 27. Watano wa mwisho, pamoja na Kukhu, walifika baada ya nusu saa. Lugazi ilikuwa mbali kama kilomita tisa.

Kijana mmoja, aliyekuwa amemaliza kidato cha nne, alisema kwa sauti waliyoisikia wote, "Tukimngoja kila mara tutafika usiku wa manane." Maneno hayo hayakuwa ya adabu, lakini hesabu yake ilikuwa sahihi. Palikuwa na watoto wanne katika msafara, na jua halingesimama.

Katekista aliketi juu ya kreti la soda mbele ya yule mama. "Kukhu, panda teksi mpaka Lugazi. Kesho tutatembea tena."

"Mwanangu, nilimwahidi Mungu, sikukuahidi wewe."

Katekista alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Wale vijana walipelekwa Namugongo wakiwa wamefungwa kamba. Lakini si wote waliofika pale waliouawa. Watatu waliachiliwa: Denis Kamyuka, Simeon Sebuta na Charles Werabe. Waliona yote, wakarudi wakiwa hai. Bila wao, nani angetusimulia jinsi wenzao walivyokufa? Hao watatu hawakumaliza njia kama wenzao, wala hakuna anayewaita waoga."

Kukhu aliwatazama wale watoto wanne, ambao walikuwa wamejikunyata chini ya paa la kibanda, nguo zao zikidondosha maji. Mdogo wao alikuwa sawa na mjukuu wake. Hakujibu neno juu ya wale watatu. Aliita tu, "Wewe kijana, njoo hapa." Yule kijana akaja, akainamisha kichwa akidhani atakemewa. Kukhu akampa fimbo yake.

"Itembeze wewe mpaka Lugazi. Usiipakize garini, wala usiiburute."

Kisha akapanda teksi pamoja na mama mmoja na wale watoto wanne, akageuza uso wake upande wa dirisha.

Waliobaki walikuwa 26, nao walikwenda upesi. Msitu uliisha, yakatokea mashamba ya chai yaliyokatwa sawasawa kama zulia, na baada yake miwa, kilima hata kilima. Watu wa Mumias, ambao wengi wao wamekua katikati ya miwa, walitembea wakiyapima mashamba kwa macho na kubishana juu ya umri wa mabua. Yule kijana hakuingia katika ubishi. Alikwenda nyuma ya wote akiigongesha fimbo chini katika kila hatua, kama alivyofanya mwenyewe. Mara moja mwenzake alitaka kumpokea, akakataa.

Waliingia Lugazi saa kumi na mbili na nusu jioni, taa zikianza kuwashwa na harufu ya sukari ikiwa hewani. Kukhu alikuwa amekaa mlangoni mwa ukumbi walimokaribishwa, miguu yake ndani ya karai la maji ya chumvi. Kijana alimrudishia fimbo kwa mikono miwili. Kukhu aliitazama ncha yake, akaona imechakaa na kujaa matope mekundu, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Imefika," akasema. "Sasa kaa, ule."

Katekista aliita majina. Walikuwa 32. Mbele ya jina la Kukhu alisita kidogo na kalamu yake, kisha akatia alama ile ile aliyowatilia wengine.

Alfajiri iliyofuata yule mama alikuwa wa kwanza kusimama, miguu imefungwa vitambaa safi, fimbo mkononi. Safari ya kundi haipimwi kwa mwendo wa aliye mbele. Hupimwa kwa idadi ya majina yanayoitikiwa jioni.